Mkato Katika Risala ya Shangazi

Nilijua kuutumia mkato miaka mingi kabla sijajua kwamba unaitwa mkato. Hayo ndiyo yanayompata mtu anayejifunza kusoma peke yake: macho yanatangulia, masikio yanabaki nyuma. Nilisoma madarasa mawili tu, katika kijiji cha wavuvi kwenye rasi, kisha mama akaugua nikarudi nyumbani kuangalia wadogo zangu. Uhuru ulinikuta nikiwa mtoto wa kubeba maji. Kuanzia hapo mwalimu wangu akawa karatasi yoyote iliyopita mkononi: gazeti lililofungia sukari, kipande cha kalenda, maandishi ya kwenye mfuko wa mbolea, katekisimu isiyokuwa na jalada. Karatasi haikutajii majina ya alama, inakuonyesha tu. Kwa hiyo nilizipa majina yangu mwenyewe, kimoyomoyo. Nukta niliiita chawa. Alama ya kuuliza niliiita sikio. Na mkato, kwa kuwa nilikuwa mtoto wa ziwani, niliuita ndoana.

Naandika haya nikiwa Nyasho, mjini Musoma, na aya hiyo ya juu nimeichana na kuianza upya mpaka nimeona aibu kwa kupoteza karatasi. Nasema mapema ili msomaji ajue anashughulika na mtu wa namna gani. Mimi ni yule anayeamka kitandani kwenda kuhakikisha kama aliweka nukta mwishoni. Aliyefundishwa shuleni akikosea, anasema amesahau. Mimi nikikosea, naona kama watu wote wamejua kwamba sikuwahi kufundishwa.

Nilipokuwa msichana wa kuolewa, mama alipofariki, shangazi yangu alinichukua. Alikuwa ameolewa bara, kwa wakulima wa pamba na wafugaji, kati ya Butiama na Bunda, mahali ambapo ziwa hulioni hata ukipanda juu ya jiwe. Nilimkuta ameshahamia kijiji kipya cha ujamaa pamoja na mume wake, ng'ombe wao na mlango wa nyumba yao ya zamani, ambao waliubeba kwa sababu ulikuwa wa mninga. Kijiji kilikuwa na mistari ya nyumba, ofisi ya mwenyekiti na ghala la pamba la chama cha ushirika. Kilikuwa pia na darasa la kisomo cha watu wazima lisilo na mwalimu. Mwalimu aliyekuwepo alihamishiwa Bunda, na mwenyekiti alipita nyumba kwa nyumba akiuliza nani anajua kusoma.

"Huyu hapa," shangazi alimwambia, akinionyesha kwa mwiko. "Akipika anasoma. Ndiyo maana ugali wake unaunguaga."

Hivyo ndivyo nilivyopewa darasa. Nilitaka kukataa. Nilimwambia mwenyekiti kwamba sina cheti, naye akasema hajaomba cheti, ameomba mtu.

Darasa lilikaa kwenye baraza la ghala, saa za alasiri, watu wakitoka shamba. Ubao ulikuwa mbao tatu tulizozipaka unga mweusi wa betri za redio zilizokwisha, na chaki ikiisha tuliandika kwa vipande vya muhogo mkavu. Wanafunzi wengi walikuwa akina mama wa umri wa shangazi na zaidi. Wanaume wachache walikaa nyuma, wakijifanya wamekuja kutafuta kivuli. Shangazi alikaa mbele kabisa. Nyumbani aliniita "we mtoto". Darasani aliniita "mwalimu", na alilisema neno hilo kwa sauti kubwa kuliko wote, ili mtu yeyote asije akasahau.

Kulikuwa na sababu ya yeye kukaa mbele. Kwa miaka mingi kanisani alishika kitabu cha nyimbo kama wenzake na kuchezesha midomo. Siku moja padri mgeni alipita kati ya viti na kukigeuza kitabu mikononi mwake, polepole, bila kusema neno, kwa sababu kilikuwa kimepinduka. Padri alifanya kwa upole. Shangazi aliniambia angependelea kama angemchapa.

Basi siku moja niliandika ubaoni: *Mama analima pamba, baba anachunga ng'ombe, watoto wanateka maji.* Shangazi alinyoosha kidole.

"Mwalimu, hako kadude kenye mkia kanaitwaje?"

"Kapi?"

"Hako kameanguka hapo chini ya mstari. Kama mbegu ya pamba imeanza kuota."

Darasa zima lilisogea kuangalia. "Kweli," alisema mmoja, "kametoa mzizi!"

Mimi nilijisikia kama nimesimama uchi. Nilijua kazi yake, nilijua mahali pake, ningeweza kuiweka gizani bila kukosea. Jina lake sikuwahi kulisikia kwenye mdomo wa mtu.

"Hiyo ni alama," nilisema.

"Alama gani?"

"Alama ya kwenye maandishi."

"Na mimi ni mtu wa kwenye watu," alisema mama mmoja aliyekuwa ananyonyesha, "lakini nina jina."

Walicheka. Nikawaambia tutafika huko wiki ijayo, nikafuta ubao kabla haujajaa.

Nyumbani shangazi alisubiri mpaka tulipokuwa wawili tu, tukitenga pamba: safi upande huu, fifi, ile chafu, upande ule.

"Hujui," alisema.

"Najua."

"Hujui, mwanangu. Ukiwa hujui unakunaga shingo. Tangu mtoto. Ulikuwa unaulizwa nani kalamba mafuta ya samaki, unakuna shingo."

"Najua kazi yake, shangazi. Jina ndiyo silijui."

Alitupa pamba kwenye rundo la safi. "Basi nenda kaulize. Kuuliza hakukatwi kodi."

Nilikuwa na safari ya Musoma kuchukua chaki na vitabu vya kisomo, na nilipanda lori lililopeleka mihogo sokoni. Nilipomaliza ofisini sikuthubutu kuuliza pale. Nilihofia wangesema: huyu ndiye tuliyemkabidhi watu? Nilikwenda kusimama karibu na mpiga chapa mmoja aliyefanya kazi kwenye baraza la duka, akiwaandikia watu maombi yao kwa mashine. Nilisubiri mpaka alipoipiga ile alama.

"Dada, unanizibia mwanga."

"Samahani, kaka. Hiyo uliyobonyeza sasa hivi ni nini?"

"Ipi?"

"Yenye mkia."

Aliniangalia juu mpaka chini. "Mkato. Wengine wanaita koma. Wewe ni mtu wa usalama?"

"Hapana."

"Basi ni mkato."

"Na kazi yake?"

"Mtu apumue," alisema, mikono ikiwa imesharudi kwenye mashine. "Bila hiyo wakubwa wangekuwa wanafia kwenye risala."

Nilirudi juu ya magunia matupu nikijirudia neno hilo mdomoni. Nilifurahi, nakiri, kuliko ilivyostahili. Ndoana yangu ilikuwa na jina, na jina lilikuwa la kawaida kabisa, la watu wote.

Siku iliyofuata nililifundisha kwa fahari. Nilichora mkato mkubwa kama jembe. Nikasema: unaitwa mkato. Ukiufikia, pumzika kidogo, pumzi moja, kisha endelea. Ukifika kwenye nukta, pumzika zaidi. Nikamwita shangazi asome.

"Mama analima pamba," alisoma, kidole kikiwa ubaoni, akapumzika.

"Eee," likasema darasa.

"Baba anachunga ng'ombe," akapumzika.

"Eee."

"Watoto wanateka maji."

"Eeee! Wanateka!"

Nilidhani wananitania. Hawakuwa wananitania. Kwa watu wa kule, mtu akizungumza jambo la maana haachwi azungumze peke yake. Kila anapovuta pumzi, wanaomsikiliza wanamwitikia, taratibu, kwa sauti ya kifuani. Ndivyo wanavyopokea habari ya msiba, ndivyo wanavyopokea wajumbe wa posa, ndivyo wanavyosikiliza hata mtu anayeeleza jinsi ndama alivyopotea. Mimi nilikuwa nimewafundisha kwamba hapa msomaji anapumua. Wao walijua tangu utotoni kwamba mwenzako akipumua, wewe una kazi ya kufanya.

Nilijaribu kuwazuia. Niliwaeleza kwamba mkato ni wa msomaji, si wa msikilizaji. Niligonga ubao. Walinyamaza kwa sentensi moja, kisha mmoja akasahau na wote wakamfuata.

"Mwalimu," alisema yule mama wa kunyonyesha, "tumwache mwenzetu anaongea peke yake kama kichaa?"

Nikaona si kosa kubwa, nikaacha. Kwa kweli walisoma vizuri hivyo. Hata waliokwama walipata muda wa kuangalia neno linalofuata wakati wenzao wakiwaitikia. Lakini ndani yangu ilinikera kama uzi unaoning'inia kwenye nguo. Kwenye vitabu vyangu vyote hakuna aliyeitikia.

Kisha mwenyekiti akaleta habari. Afisa wa elimu ya watu wazima angekuja kutoka Musoma kukagua. Madarasa madogo yalikuwa yanaunganishwa, na letu lilitajwa kwamba linaweza kuhamishiwa upande wa Butiama, kwenye kituo kikubwa chenye walimu wa vyeti. Kabla ya kuamua, afisa angesikiliza wanafunzi wakisoma, na angepokea risala yao.

Kwa vijana wachache wa kiume waliokaa nyuma, Butiama palikuwa matembezi. Kwa akina mama palikuwa mwisho wa kusoma. Mume wa shangazi hakuwa mtu mbaya. Alisema tu lililokuwa wazi kwake, akiwa anafunga zizi.

"Hapo ghalani naona mnapokaa. Nikiita, unasikia. Huko Butiama ukienda, nani atanifungia ndama jioni? Pamba je?"

"Sijasema naenda," shangazi alijibu.

"Sijasema umesema."

Mumewe alimaliza kufunga zizi. Lakini usiku ule shangazi hakuniita "we mtoto". Aliniita "mwalimu" ndani ya nyumba yake mwenyewe, na hapo ndipo nilipoogopa.

Darasa lilimchagua yeye asome risala. Sauti yake ilifika mbali, na hakukuwa na mwingine asiyeogopa watu kama yeye. Kuiandika ilikuwa kazi yangu. Sijawahi kuteseka na karatasi moja kiasi kile. Salamu peke yake, *Ndugu Afisa wa Elimu ya Watu Wazima, Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji, ndugu wageni waalikwa, ndugu wananchi,* niliipanga na kuipangua kama mtu anayetandika kitanda cha mgeni. Niliweka mkato, nikautoa, nikaurudisha. Nilitaka afisa asipate pa kushika. Nilitaka aione karatasi ile aseme: aliyeandika hapa amesoma.

Na nikatoa amri. Siku ya mgeni, hakuna kuitikia. Msomaji asome, wengine wakae kimya mpaka mwisho, kisha wapige makofi. Sababu nilikuwa nayo. Nilisikia maafisa wanachukia wanafunzi wanaokariri kitabu kizima kama wimbo, na nilijua kwamba baraza zima likiimba "eee, eee", mgeni angesema: hawa hawasomi, hawa wanaimba. Niliwaeleza hivyo. Waliniangalia kwa huruma, kama watu wanaomwangalia mgonjwa anayekataa chakula, lakini walikubali. Mwalimu amesema.

Shangazi alifanya mazoezi kwangu tukitenga pamba. Alisoma salamu, akafika kwenye mkato, akasimama. Mimi nilikaa kimya, nikitoa taka kwenye nyuzi.

"Umenuna?"

"Sijanuna, shangazi. Nasikiliza."

"Mtu anayesikiliza ananyamazaga hivyo?"

"Ndivyo itakavyokuwa siku hiyo. Utazoea."

Alisoma tena, mkato wa kwanza, wa pili. Sauti ikaanza kupungua kama maji ya mtungi uliotoboka. Akaweka karatasi chini.

"Nikwambie kitu," alisema. "Walipokuja kuniposa, wajumbe wa kwanza walikuwa wa ukoo mwingine. Watu wenye mali. Baba yetu hakuwatukana. Hakuwaambia hapana. Yule mzee wao alianza maneno yake, akavuta pumzi, kimya. Akaongeza maneno, akavuta pumzi, kimya. Akachukua fimbo yake akaondoka. Hakuna mtu alimfukuza. Hapa kwetu ukinyamaziwa, umeshajibiwa."

"Lakini afisa si mposaji."

"Si tunakwenda kumwomba?"

Nilimwambia kwamba kwenye ofisi mambo ni tofauti. Alichukua karatasi akaendelea, akisoma haraka sasa, akiruka mikato kama mtu anayevuka mto kwenye mawe. Nilimrudisha. Alisoma upya, alisimama panapostahili, na kila aliposimama alinitazama usoni, nami kila mara niliinama kwenye pamba.

Afisa alikuja kwa Landrova asubuhi, akiwa na dereva wake na kijana wa kubeba mafaili. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, shati lake la kaunda limepigwa pasi mpaka mikono inakata. Hakuwa mkali. Alikubali maji, akamsifu mwenyekiti kwa ghala, akauliza mvua. Niliwekewa kiti karibu naye. Akina mama walikaa chini kwenye majamvi, mistari iliyonyooka, midomo imefungwa. Walipendeza. Hata mume wa shangazi alikuja, akasimama nyuma kabisa karibu na mizani ya pamba.

Shangazi alisimama mbele akiwa na gauni lake la kanisani. Akanyoosha karatasi.

"Ndugu Afisa wa Elimu ya Watu Wazima," alisoma, kwa sauti nzuri iliyotulia. Akafika kwenye mkato, akapumzika.

Kimya.

"Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji," akapumzika.

Kimya. Kuku alipita mbele ya majamvi. Hakuna aliyemfukuza.

"Ndugu wageni waalikwa," alisoma, na nilisikia sauti ikipungua. Akainua macho. Aliwaangalia wenzake, mmoja baada ya mwingine. Walikuwa wameuma midomo. Yule mama wa kunyonyesha alikuwa ameweka kiganja mdomoni. Walikuwa wanatii, Mungu wangu, walikuwa wananitii mimi. Shangazi alirudi kwenye karatasi, akatafuta mahali alipoachia, kidole kikitembea. Hakusoma. Nilijua kwamba haikuwa herufi iliyomshinda. Herufi zile alizijua hata kwa kuota. Alikuwa amesimama mbele ya watu aliokula nao na kulia nao, ameleta maneno, na watu wote walikuwa wamemnyamazia.

Afisa alijisogeza kwenye kiti. "Mama, usiogope," alisema kwa upole. "Kama imeshindikana, mwalimu anaweza kutusomea."

Ule ulikuwa ukarimu, na ndio ungetumaliza. Mwalimu angesoma, risala ingesomwa vizuri, na kwenye faili ingeandikwa kwamba mwanafunzi bora wa kijiji kile hawezi kusoma salamu. Nilimwona shangazi akianza kukunja karatasi, mkunjo mmoja, taratibu, kama anavyokunja kanga.

Hapo nilisema, "Eee."

Ilitoka nyembamba, kama ya mtoto. Afisa alinigeukia. Nilikuwa nimekaa karibu naye, kwenye kiti cha mwalimu, na niliona anaangalia kama nimepatwa na kitu. Masikio yalinichoma. Nilitamani kueleza, na nilijua kwamba nikianza kueleza sitaitikia tena. Nikamtazama shangazi badala yake. Nikasema mara ya pili, kwa nguvu kidogo, "Eee, shangazi. Tunasikia."

Alifungua ule mkunjo. "Ndugu wananchi," alisoma.

"Eee," nilisema, na safari hii hawakuniacha peke yangu. Ilitoka kwenye majamvi kama upepo kwenye mashamba ya mtama, sauti za kifuani, hazikupazwa, zikakaa mahali pake. Shangazi akapata miguu. Alisoma kwamba darasa lilianza na watu wachache, eee, na sasa lina watu wengi, eee, kwamba wamejifunza kusoma, kuandika na kuhesabu, eee, na kwamba wanaomba, ndugu afisa, eee, wanaomba kwa heshima, eee, darasa lisihamishwe, kwa kuwa ndama hawafungwi na mtu aliyeko Butiama. Hiyo ya ndama mimi sikuiandika.

"Eeee!" Hapo hata wanaume wa nyuma waliitikia.

Watu walipiga makofi, lakini afisa hakupiga. Aliomba karatasi. Aliisoma yote, akiifuata kwa kalamu.

"Mama amesoma vizuri," alisema. "Ila nina wasiwasi. Haya mnayoitikia yananiambia mmezoea. Inawezekana amekariri. Nimeona madarasa wakikariri kitabu kizima."

Ndicho nilichoogopa tangu mwanzo, kimetamkwa kwa maneno yangu mwenyewe. Nilikuna shingo.

"Nipe kingine," alisema shangazi.

"Kingine kipi?"

"Chochote. Si una karatasi huko kwenye gari?"

Dereva alileta gazeti lililokuwa kwenye kiti cha mbele. Afisa alichagua mahali, akasimama bega kwa bega na shangazi ili aone anachosoma. Habari yenyewe ilikuwa ya kiboko aliyetoka ziwani na kuingia kwenye shamba la mpunga. Shangazi alianza polepole sana. Alikwama kwenye "wanavijiji", akaivunja vipande vipande, akaiunganisha. Sikuweza kumsaidia.

"Kiboko huyo, (eee), ambaye alionekana alfajiri, (eee), aliharibu mpunga, (eee), akavunja ua wa shule, (aaa!), na kuwafanya watoto wapande juu ya madawati."

Afisa alikuwa anafuata kwa kidole. Aliona, kama nilivyoona mimi kutoka kitini, kwamba wasikilizaji ambao hawakuwahi kuliona gazeti lile walikuwa wanaitikia kila mahali palipopigwa chapa mkato, kwa sababu shangazi alisimama hapo na si pengine. Kwenye mkato mmoja, aliyeitikia kwanza alikuwa dereva wake mwenyewe, aliyeegemea mlango wa Landrova. Afisa aligeuka kumtazama. Dereva alianza kufuta kioo.

"Inatosha, mama," alisema afisa. Aliniuliza mimi, "Wewe umesoma wapi?"

"Madarasa mawili," nilisema.

"Na haya mengine?"

"Haya mengine nimeyaokota."

Aliandika kitu kwenye faili. Sikujua ni nini, na nilikaa miezi nikihangaika nacho. Kisha alinirudishia risala. "Una mikato mingi mno," alisema. "Ukurasa mmoja hauhitaji yote hii." Alikuwa ameikata miwili kwa kalamu. Mmoja nilikubali palepale kwamba ulizidi. Kuhusu ule mwingine, mpaka leo naamini kwamba afisa alikosea.

Alisimama akawaambia watu kwamba darasa litabaki ghalani mpaka baada ya mavuno, na baada ya mavuno ataangalia tena. Haikuwa ahadi kubwa. Mwenyekiti aliipokea kama kubwa, akina mama wakapiga vigelegele, na nyuma kule mume wa shangazi alivaa kofia yake akaenda kwenye ng'ombe, jambo ambalo kwake lilikuwa sawa na kusema ndiyo.

Wageni walipokuwa wanaaga, afisa alinyoosha mkono apewe gazeti lake. Shangazi hakumpa.

"Mama, gazeti."

"Bado sijamaliza."

"Nimesema inatosha, umefaulu."

"Haitoshi," alisema shangazi, na akamwonyesha kwa kidole mwisho wa safu. "Imeandikwa hapa: inaendelea ukurasa wa nne. Kiboko bado yuko shuleni."

"Mama, hilo gazeti mimi mwenyewe sijalisoma."

"Nitakuazima."

Dereva alicheka waziwazi sasa. Afisa alimwangalia shangazi, akawaangalia akina mama waliokwisha kusogea karibu wakisubiri, akapanda gari. Landrova iliondoka kuelekea barabara ya Musoma, vumbi likafunika mizani. Shangazi alikaa kwenye ngazi ya ghala, akafungua kurasa akitafuta ya nne, akiilaza kwenye magoti kwa viganja vyote viwili.

"Haya, soma basi," alisema yule mama wa kunyonyesha. "Walimuua?"

"Subiri," alisema shangazi. "Sijafika."